Bastola ya kujilinda: chukua milimita 9, pesa inayobaki ipeleke kwenye mazoezi

Mtu wa Mwanza akishaanza kushughulikia leseni ya bastola, swali la kwanza huwa ni la kaliba, yaani upana wa risasi: nichukue 45 (sehemu 45 za mia za inchi, kama milimita 11.4) au 9 (milimita 9)? Wapenzi wa 45 watakuambia risasi yao inamlaza mtu papo hapo. Usiwasikilize. Kwa anayelinda familia yake Nyegezi, Isamilo au Buswelu, kaliba ya kuchukua ni 9x19 (upana milimita 9, urefu wa ganda milimita 19), na sababu zake zinapimika.

Tuanze na nguvu. Risasi ya kawaida ya 9x19 ina kichwa cha gramu 7.5 kinachotoka mtutuni kwa mita 360 hivi kwa sekunde. Ya 45 ina kichwa cha gramu 15, uzito mara mbili, lakini kinakwenda mita 255 tu. Piga hesabu, utakuta zote zinaangukia kwenye jouli 480 na kitu. Wamarekani walizunguka sana kabla ya kulikubali hili. Baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 1986, ambapo maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa, shirika hilo lilihamia kaliba ya 10 mm, likaenda 40 (sehemu 40 za mia za inchi), kisha katikati ya miaka ya 2010 likarudi 9. Vichwa vya risasi za 9 vilikuwa vimeboreshwa, na maofisa wengi walipiga haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa nayo.

Hilo la usahihi ndilo lenye uzito. Hakuna risasi ya bastola inayomrusha mtu nyuma kama kwenye sinema. Hata moyo ukitobolewa, ubongo unabaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutembea na kupigana kwa sekunde 10 hadi 15. Kinachoamua ni mahali risasi ilipoingia na kina ilichofika. Kipimo cha FBI kwenye jeli ya majaribio, inayoigiza nyama ya mwili, ni sentimita 30 hadi 45, na 9x19 yenye kichwa kizuri inakifikia bila shida. Tofauti ya milimita mbili na nusu za upana haiwezi kufidia risasi iliyopita pembeni.

Na hapa kwetu risasi iliyopita pembeni ni balaa la pekee. Nyumba za Isamilo, Mabatini na Igogo zimejengwa katikati ya mawe, nyingine zimeegemea jabali lenyewe. Risasi inayogonga graniti kwa pembe ya kulala haisimami, inateleza juu ya jiwe na kuendelea upande ambao hukuuchagua. Ndani ya nyumba mambo ni yaleyale: mlango wa flashi, dari ya jipsamu na bati havizuii risasi ya kaliba yoyote, hata 22 iliyo ndogo. Chumba cha watoto kiko nyuma ya ukuta upi? Jibu la swali hilo ulijue mchana. Sheria inakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari, lakini kila risasi inayotoka kwenye mtutu wako utaijibia wewe.

Kwa hiyo tazama kichwa cha risasi kabla ya kubishania kaliba. Kilichofunikwa shaba chote, cha mviringo, hupenya jeli zaidi ya sentimita 60, maana yake kinaweza kumpita mtu na kwenda kwa jirani. Chenye shimo mbele hufunguka kikiingia mwilini na kupungua mwendo. Kama umepewa kibali cha risasi za namna hiyo na zinapatikana, hizo ndizo za kuweka nyumbani, na zile za shaba ziwe za mazoezi. Ila piga kwanza angalau magazini mbili za zile za shimo kwenye bastola yako, kwa sababu baadhi ya bastola hukwama nazo.

Jambo moja linawachanganya wengi: neno "tisa". Kuna 9x19, ambayo pia huandikwa 9 mm Luger au 9 mm Para. Kuna 9x17, inayoitwa pia 380 au 9 mm Kurz. Kuna 9x18 ya Makarov, ambayo kichwa chake ni kinene kidogo kuliko vyote viwili. Hazibadilishani. Soma maandishi ya ubavuni mwa mtutu, kisha geuza risasi usome kitako cha ganda. Yasipolingana, usiiingize.

Je, mwenye mkono mwepesi achukue 380? Nguvu yake ni jouli 260 hivi, nusu tu. Isitoshe, bastola nyingi za 380 ni ndogo na slaidi yake (kipande cha juu kinachovutwa nyuma kuingiza risasi) huzuiwa na springi na uzito wake tu, kwa hiyo springi ni ngumu kuvuta na bastola inapiga teke kali kuliko ulivyotarajia. Mama mwenye vidole dhaifu mara nyingi ataivuta 9 ya ukubwa wa kati kwa urahisi zaidi. Rivolva ya 38, yaani bastola ya silinda inayozunguka, haikwami kwa sababu ya kushikwa legelege, jambo linalozikwamisha sana bastola za magazini, lakini triga yake inataka mvuto wa kilo 5 hivi, na ndani kuna risasi 5 au 6 tu.

Kipimo changu ni hiki, kifanyike kwenye uwanja wa shabaha chini ya mkufunzi: karatasi ya A4, mita 7, risasi 5 ndani ya sekunde 5. Zote zikiingia, kaliba hiyo unaimudu. Mbili zikitoka nje, shuka kaliba au chukua bastola nzito zaidi.

Kisha zitunze risasi zenyewe, maana hewa ya ziwani ina unyevu. Usiziache miezi kwenye mfuko wa ngozi, ganda litaota ukungu wa kijani. Na risasi ileile ikitolewa chembani (pale mwanzoni mwa mtutu inapokaa kabla ya kupigwa) na kurudishwa kila siku, kichwa hugonga njia ya kuingilia na kudidimia ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inabana, mgandamizo unapanda, na bastola inaweza kupasuka mkononi. Isimamishe mezani kando ya risasi mpya ya boksi lilelile. Ikiwa fupi, hata kwa kiasi kinachoonekana kwa shida, usiipige tena, ipeleke polisi pamoja na zile za kijani.