Ofisi za mawakala wa ardhi na pengo la Pwani ya kaskazini

Chukua kampuni yoyote kubwa ya uwakala wa nyumba na ardhi hapa Kenya, usome orodha ya matawi yake. Mara nyingi utakuta makao makuu yako Nairobi, tawi liko Mombasa, na kampuni ikijitanua zaidi inafika Kisumu, Nakuru au Eldoret. Malindi inatajwa kwa nadra. Lamu karibu haitajwi kabisa. Hata hivyo nyumba za ufukweni za Casuarina na Watamu upande wa Malindi, na za Shela na Manda kule Lamu, zinatangazwa na kampuni hizo hizo, kwa picha za kuvutia na namba ya simu ya Nairobi.

Sisi tunaoishi Malindi tumelizoea jambo hili hata hatuliulizi tena. Mimi naona linafaa kuulizwa, na kwanza kampuni zisikilizwe, kwani hoja zao zina uzito.

Ofisi ni gharama. Sheria ya mwaka 1984 inayosimamia mawakala wa nyumba na ardhi inataka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi yao, kwa hiyo tawi halianzishwi kwa kukodi chumba na kumweka kijana wa kupokea simu. Anatakiwa mtu mwenye sifa, naye lazima alipwe hata miezi ya mvua, Aprili hadi Juni, hoteli zinapofungwa na mji ukapoa. Jumba la ufukweni linaweza kukaa sokoni muda mrefu lisipate mnunuzi. Mwenye jumba mara nyingi yuko Italia au Nairobi, na mnunuzi naye hivyo hivyo. Kutoka Mombasa hadi hapa ni kama kilomita 120 tu. Isitoshe, kwa miaka mingi hati nyingi za zamani za Pwani zilihifadhiwa kwenye masjala ya Mombasa. Wakala aliyekaa Mombasa alikuwa karibu na majalada kuliko yule ambaye angekaa Malindi.

Halafu kuna madalali wetu. Wapo watu wanaowadharau, na hapo nakataa. Fikiria nyumba ya mawe Mkomani au Langoni, Lamu, iliyoachwa na babu. Warithi ni wengi: mmoja yuko Mombasa, mwingine Maskati, mwingine amefariki na haki yake imeshuka kwa watoto, na mgao wao haujapita kwa Kadhi. Dalali wa mtaa anajua bi mkubwa yupi asipokubali hakuna mauzo. Anajua kama nyumba ya pili ni wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi. Anajua ukuta upi una ugomvi na jirani, na kisima ni cha nani. Habari hizo hazimo kwenye hati. Wakala anayetua kwa ndege asubuhi, akapiga picha na kurudi jioni, hawezi kuzipata.

Mpaka hapo mtu angesema basi, mambo yaachwe yalivyo. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu ukiiangalia ramani ya ofisi hizi kwa makini utaona imepinduka. Ofisi ni nyingi pale ambapo habari za ardhi tayari zinapatikana, na chache pale ambapo habari hizo ni fumbo. Mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za ardhi, Ardhisasa, ulipozinduliwa mwaka 2021 ulianzia Nairobi. Takwimu za bei za ardhi zinazotolewa na kampuni ya nyumba na ardhi ya HassConsult, zinazonukuliwa na magazeti karibu kila robo mwaka, zinafuatilia mitaa 18 ya Nairobi na miji 14 inayoizunguka. Anayetaka ploti Ruiru au Kitengela ana bei ya kulinganishia kabla hata hajatoka nyumbani. Anayetaka ploti Mayungu au Kakuyuni anaambiwa bei na mtu anayetaka kumuuzia.

Na ardhi ya huku ndiyo yenye historia ngumu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wapeleke madai yao ili wapewe hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi wa Wamijikenda walibaki nje ya utaratibu ule. Ndiyo sababu mpaka leo kuna mashamba ambayo mwenye hati hajawahi kuyakanyaga, na familia zinazoyalima zina makaburi ya mababu palepale lakini hazina karatasi. Mjini nako kuna nyumba bila ardhi: mtu kajenga, kalipa kodi ya kiwanja miaka na miaka, na akiuza anauza kuta na paa tu. Mnunuzi mgeni asipoambiwa hilo mapema atadhani amenunua vyote viwili. Pita barabara za pembezoni mwa mji uone kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti hii haiuzwi. Mwenye ploti haandiki hivyo kwa kujifurahisha. Anajua kuna mtu anaweza kuiuza bila yeye kujua.

Kwa upande wa Lamu, mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za usafiri kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, ulipozinduliwa Machi 2012, ardhi ya bara kuanzia Mokowe hadi Hindi ikawa gumzo kwa watu ambao hawajawahi kuvuka Garsen. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufutwa kwa hati za karibu ekari 500,000 zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22. Ardhi ya ukubwa huo ilipata wenyewe wapya huku wakazi wengi wakiwa hawana hati ya shamba moja.

Kuna pingamizi moja linalonisumbua zaidi kuliko hesabu za kodi ya ofisi. Wapo wanaosema tawi la kampuni kubwa litatuletea wanunuzi wa pesa nyingi tu, bei zipande, na vijana wa mji washindwe kujenga kwao. Shela wameona: nyumba nyingi za kale zimeingia mikononi mwa wageni kutoka Ulaya. Siwezi kuikana hofu hiyo. Ila nyumba za Shela ziliuzwa bila tawi lolote kuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia muuzaji nyumba yake ina thamani gani. Mnunuzi alikuja anajua bei ya nyumba kama ile katika masoko ya nje. Warithi walijua shida yao ya mwezi ule.

Ndipo ninapoegemea. Malindi inastahili ofisi kamili, yenye wakala aliyesajiliwa anayeishi hapa na kushughulika pia na ploti za Ganda na Gede, asingoje majumba ya ufukweni peke yake. Kazi ipo. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi, na wingi wa mizozo ya mipaka na mauzo unaonyesha jinsi ardhi inavyouzwa bila msaada wa kitaalamu. Kwa Lamu siwezi kudai ofisi ya kudumu, mauzo hayatoshi kuilipia. Lamu inahitaji wakala aliyesajiliwa anayefika kwa ratiba inayojulikana, akifanya kazi na dalali wa mtaa kwa mkataba wa maandishi.

Mkataba huo nausisitiza, kwa sababu leo lawama haina pa kutua. Mauzo yakivunjika dalali anazima simu, na kampuni ya Nairobi inasema yenyewe ilitangaza tu. Dalali aandikwe jina na kamisheni yake, na ionyeshwe nani anashika arbuni na nani anairudisha, kwa muda gani, mauzo yasipokamilika. Bodi ya usajili nayo ichapishe mawakala wake kaunti kwa kaunti, ili mtu wa Kilifi au Lamu, kabla hajatoa shilingi, ajue kama kuna hata mmoja aliye karibu naye.