Daftari lina nyoka ndani?

Wazazi wenzangu, hivi daftari la mtoto lina nyoka ndani? Mbona hamlifungui?

Nafundisha darasa la tatu, watoto 87 chumba kimoja. Ijumaa natoa hesabu 10 za kuzidisha, chini naandika kwa wino mwekundu: "Mzazi, tafadhali weka sahihi." Jumatatu nakusanya. Sahihi 11! Na moja kati ya hizo mtoto kajiwekea mwenyewe, kwa penseli, jina la baba kalikosea.

Shule za msingi za serikali hazina ada. Sawa. Nani alikwambia na malezi yamefutwa? Kikao cha wazazi wanakuja watu 20, karibu wote akina mama na mabibi. Akina baba mko wapi? Mechi ya Simba na Yanga mnaijua mpaka nani alipewa kadi ya njano, jina la mwalimu wa mwanao hulijui!

Halafu yatoke matokeo ya darasa la nne. Hapo ndipo nakuona, umefura, unagonga meza ya mwalimu mkuu: "Mwanangu hajui kusoma, mnafundisha nini?" Miaka minne, mzazi! Miaka minne mnalala nyumba moja, hujawahi kumwambia hata siku moja, "Hebu nisomee ukurasa huu"?

Na usiniambie hujasoma. Kuna mama anauza samaki, kusoma hajui, anarudi saa tatu usiku hoi. Kila akinikuta njiani ananiuliza, "Mwalimu, leo kaandika?" Basi. Hilo tu ndilo ninalowaomba.