Mbuzi wa shemeji na mbuzi wa mama watoto

Jamani mie nshachoka. Kosa langu moja tu, nilienda kupimwa damu nikaambiwa kolesteroli imepanda kidogo na kitambi kipungue, nikarudi zangu Kisauni nikalitaja hilo neno mbele ya watu. Bora ningenyamaza. Tangu siku hiyo sahani yangu imekuwa kesi, kila mtu wakili, mshtakiwa mie.

Wa kwanza shemeji, ndugu ya mama watoto, mtu wa keto. Wali hagusi, chapati akiiona anageuza uso kama ameona anayemdai. Asubuhi mayai manne kwa samli. Ati ukiunyima mwili wanga, ini linageuza mafuta kuwa ketoni ndo mwili unachoma hizo. Nikamwambia hiyo fasheni ya juzi tu, wee, akanijia juu, ati ilianza 1921 huko Mayo Clinic Marekani, kutibu kifafa. Sawa shemeji, lakini mie nina kitambi, kifafa sina! Kisha akanitolea Wamasai, ati 1964 daktari George Mann alichapisha utafiti wake, watu wanakunywa maziwa na kula nyama na kolesteroli iko chini. Sasa Mmasai anatembea na ng'ombe kutwa, mie natembea kutoka stejini hadi kwa kiti.

Binti yangu karudi likizo naye ni mimea tu, hata chai anakunywa ya rangi. Yeye ana Wasabato wake wa Loma Linda, California, hawavuti sigara, hawalewi, wengi nyama hawali, wanaishi miaka mingi. Na akanikuta na soseji ya smoki mkononi, kachumbari inadondoka, akanisomea hapo hapo kwamba 2015 WHO, shirika la afya duniani, iliitia nyama ya kusindikwa kama hiyo kundi moja na sigara, la vitu vinavyoleta kansa. Nikaiweka chini. Baadaye nilipombana akakubali kuwa kundi ni la uhakika wa ushahidi, sio kwamba hatari zinalingana. Sasa si ungeanza na hapo? Smoki ishapoa, paka kala.

Shemeji akamuuliza, vitamini B12 utaipata wapi, kwenye mchicha? Binti kimya, akafungua kipochi akatoa kidonge.

Kitu walichokubaliana ni kuwa soda na mahamri mie niache. Yaani katika dunia nzima iliyojaa vyakula, wamekutana kwenye vile viwili ninavyovipenda.

Ijumaa mama watoto akapika mbaazi za nazi, tui zito limesimama juu linang'aa. Binti akasema halali, nazi mmea. Shemeji akasema halali, nazi mafuta. Nikasema alhamdulillahi, leo nakula kwa amani, nimemega tonge la kwanza tu binti ashaingia kwa simu. Ati mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni yale mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli, siagi yenyewe ni kama nusu tu, na 2017 chama cha moyo cha Marekani kilishauri watu wasiyatumie. Shemeji akacheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka mbaazi zina wanga, akasukuma bakuli. Binti naye akasukuma lake. Mie nimebaki na tonge hewani, nazi imekulia juu ya mnazi na ina mafuta kuishinda ng'ombe, sasa huyu ni wa kambi gani?

Mama watoto hakusema kitu. Mie nikaona hiyo ni hatari kuliko kolesteroli.

Jumamosi shemeji akapiga simu, leo naleta mbuzi tuchome. Binti akasema mbuzi hapiti mlango huu. Kelele! Mama watoto akaenda jikoni akarudi na mbuzi wake wa kukunia, akamtua katikati ya ukumbi kwa kishindo, akasema mbuzi wa nyumba hii ni huyu, asiyemtaka akale kwao. Shemeji akakumbusha kuwa hapa ni kwa dadake. Akaangaliwa tu, akanyamaza.

Kisha nikatupiwa nazi mbili. Wewe mwenye kolesteroli, kaa hapo ukune.

Nimekuna. Mkono umekufa ganzi, machicha yamenijaa kwenye ndevu, jasho mpaka mgongoni, na hili ndilo zoezi langu la kwanza tangu nipimwe. Binti ananirekodi.