Nilivyombebea Tapeli Friji

Friji yenyewe ilikuwa ya milango miwili. Nalisema hilo mapema ili ujue mgongo wangu hauumi bure. Jengo mtaani Zimmerman, Nairobi, ghorofa ya nne, lifti hakuna, saa nne na nusu usiku, nami niko upande wa chini nikishuka ngazi kinyumenyume. Mwenye mali yuko juu ananielekeza: "Polepole hapo kwa kona, mwanangu. Usikwaruze ukuta, landlodi hapendi."

Mtu huyo alikuwa ameniambia kwamba landlodi ni yeye. Maneno yale yalinipita kama matatu ya Githurai inavyompita abiria asiye na pesa.

Turudi nyuma wiki moja. Nilikuwa nimechoka na bedsita yangu ya Githurai 45, ambako maji yalikuja usiku wa manane mara mbili kwa wiki, na ukilala fofofo umekosa. Nikataka nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mtu ajisikie mtu. Nikaingia ofisi ya ajenti mmoja, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kijana mpole, shati limepigwa pasi, mezani mafaili yamepangwa hadi yakamfika kidevuni. Akaniambia kutembezwa kuona nyumba ni shilingi 500.

"Mia tano ya kutembea? Miguu si ni yangu?"

Hakukasirika. Alisema tu: "Sawa. Ila ukijitafutia, ongea na keateka, mtunza jengo, kwanza, na ulipe kwa Paybill ya jengo. Usitume kwa simu ya mtu."

Nikamjibu kwamba mimi nimesoma. Mia tano ni chapo madondo za siku tano, na mjomba wangu alishanifundisha kwamba ajenti ni kupe. Kusema kweli, mjomba hakukosea kabisa: wako wanaovuna mia tano za watu kumi kwa siku wakionyesha nyumba moja iliyochukuliwa tangu mwezi uliopita. Lakini huyu alikuwa na cheti ukutani, cha ile bodi inayosajili mawakala wa nyumba kwa mujibu wa Sheria, Sura ya 533. Nilikiona cheti. Nilidhani ni cha ubatizo.

Jumapili hiyo nikazunguka mwenyewe. Jengo la tatu, geti wazi, keateka ameenda kanisani. Kwenye ngazi ameketi jamaa wa kaptura anamenya njugu.

"Unatafuta nyumba? Basi umefika. Mimi ndiye mwenye jengo."

Akanipandisha hadi D4. Nyumba safi, jua linaingia, bomba likifunguliwa maji yanatoka. Niliona vitu vyake mle ndani nikauliza. Akasema anaishi hapo kwa muda tu, anahamia kwake Kitengela. Akanipa chai ya maziwa na mandazi mawili. Aliniita "mwanangu" ingawa kanizidi miaka miwili, mitatu hivi. Kodi ni 16,000, akasema, lakini kwa vile nina heshima, atanipa kwa 13,000, na deposi 13,000. Deposi ya maji akanisamehe. Moyoni nikamwonea huruma ajenti na mafaili yake.

Nilipotuma ile 26,000 kwa M-Pesa, simu ilileta jina la mwanamke.

"Laini ya mke wangu," akasema. "Yeye ndiye mweka hazina."

Nikampenda zaidi. Mwanaume anayemwamini mkewe na pesa ni mwanaume wa kweli. Akaniandikia risiti kwenye karatasi ya daftari, akaigonga muhuri wa zambarau. Mtu akikugongea muhuri unauliza nini tena?

Sharti lilikuwa moja: nimsaidie kuhama Jumamosi usiku, nami niingie Jumapili asubuhi. Kwa nini usiku? "Jua huharibu friji." Na tuvue viatu, kwa sababu keateka ni mzee, ana presha, akishtuka usingizini ni hatari. Mlinzi alikuwa ametumwa mutura, na wa kulipa ni landlodi. Lori la kanta lilisimama nje, taa zimezimwa. Betri, akaniambia.

Kwa hiyo nikashuka na friji nikiwa na soksi. Nikapanda tena nikashuka na godoro, kisha televisheni, kisha makochi, na mwisho ndoo ya plastiki iliyopasuka, ambayo alisisitiza tusiiache. Alinishukuru kwa mikono miwili. Aliniombea baraka.

Jumapili saa tatu asubuhi nikafika na mkokoteni wangu: godoro, mtungi wa gesi, sufuria nne. Getini nikakuta kanta nyingine, na mama mmoja amekalia kochi lake barabarani na watoto watatu. Kando yao, bwana na bibi harusi wapya wameegemea kabati.

"Habari za asubuhi, mama. Mnahamia?"

"D4," akasema mama.

"D4," wakasema maharusi.

Tukatoa risiti. Zilifanana kama mapacha. Ni bibi harusi aliyeinua yake kwenye jua akausoma ule muhuri polepole: NYAMA IMEKAGULIWA.

Keateka akatokea, Biblia kwapani, presha hana hata kidogo. Akatusikiliza mmoja mmoja. Kisha akatuambia kwamba wa D4 ni mpangaji, ana deni la miezi mitano, na mlango wake ulikuwa ufungwe kufuli Jumatatu. Tukapanda wote. D4 ilikuwa tupu, hata balbu zilikuwa zimeenda. Hizo hakika sikubeba mimi.

Hapo kijana wa ghorofa ya tatu akachungulia akaninyooshea kidole. "Huyu hapa! Ndiye alishusha friji jana usiku!"

Jengo zima likanigeukia.

"Nilibeba bila kujua," nikasema.

"Na viatu ulivua bila kujua?" akauliza mama wa watoto watatu.

Kijana akaongeza ushahidi: soksi nyekundu, ya kushoto ina tundu kwenye kidole gumba. Keateka akaniomba, kwa adabu kabisa, nivue viatu. Ile Jumapili nilikuwa bado sijafungua begi la nguo. Soksi zilikuwa zile zile.

Nikawekwa kwenye kibanda cha mlinzi, yule mlinzi wa mutura akinilinda kwa bidii ya mtu anayejisafisha. Keateka akapiga simu kwa ofisi inayosimamia jengo. Baada ya nusu saa bodaboda ikafunga breki getini, akashuka kijana wa shati lililopigwa pasi, faili mkononi.

Alinitambua. Hakusema kitu. Alichukua risiti yangu, akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena. Angecheka ningepona. Hakucheka.

Kisha akafungua faili. Kila nyumba ina ukurasa wake: jina la mpangaji, mkataba, deni, nakala za barua za kudai kodi. Mwenye jengo ni mama mstaafu anayeishi Nanyuki, na kwa maelezo ya keateka, huwa havai kaptura.

"Hii faili," akaniambia, "ningeifungua kabla hujanywa ile chai."

Ndiye aliyewaeleza kwamba hata mimi nimelizwa, akawaonyesha ujumbe wangu wa M-Pesa. Akatupeleka sote kituo cha polisi tukapata nambari ya OB, ile ya daftari la matukio. Tukatuma ujumbe 456 kuomba pesa zirudishwe. Jibu likaja kwamba zilishatolewa. Alasiri hiyo hiyo alimtafutia mama nyumba mtaa wa nyuma, akampigia landlodi wa huko akambembeleza deposi ilipwe kwa miezi miwili. Maharusi wakarudi kwa wazazi, na nadhani huko ndiko mtihani wao ulipoanzia.

Mimi alinipatia bedsita humo humo, ghorofa ya chini, 9,500, mkataba kurasa tatu, kodi kwa Paybill ya jengo.

"Na mia tano ya kutembezwa," akasema.

Kutoka kibanda cha mlinzi hadi mlangoni ni hatua kumi na nane. Nilizihesabu. Nikalipa.

Wiki mbili baadaye, nikiwa ofisini kwake nachukua nakala ya mkataba, simu ikalia. Ujumbe kutoka nambari nisiyoijua: "Mwanangu, friji haigandishi. Uliilaza wakati wa kushuka?"

Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya jibu, kwamba niliishika wima mwanzo hadi mwisho, ghorofa zote nne, na kama kuna aliyeilaza ni dereva wa kanta, ndipo ajenti akaninyang'anya simu ili anakili ile nambari.