Joto la Sakafuni si la Kila Nyumba

Sisi tulioko ughaibuni, hasa huku Ulaya ya kaskazini, tukikaribia kununua nyumba lazima tuulizane: tuweke mfumo wa joto chini ya sakafu, yaani mabomba ya maji moto yaliyofukiwa humo, au tubaki na redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji moto? Picha za matangazo zinavutia. Ukuta mtupu, hakuna chuma kilichobanwa chini ya dirisha, mtoto anatambaa kwenye marumaru huku nje theluji imejaa. Mimi nikiulizwa hujibu kwa swali: nyumba yenyewe ilijengwa lini? Wengi hawalipendi. Wangependa niseme ndiyo au hapana, na ikiwezekana niwape namba ya fundi.

Nyumbani hatuna mazoea ya kuuliza umri wa nyumba. Tunauliza ni tofali gani, bati la geji gani, maji yanatoka kila siku au kwa zamu. Nyumba ya mwaka 1980 na iliyohamiwa juzi zinaweza kuwa na sakafu ya aina moja: mawe na kifusi kilichoshindiliwa, zege, kisha niru au marumaru juu. Huku kila kizazi kilijenga sakafu kivyake, kulingana na mafuta na makaa yalivyokuwa rahisi au ghali wakati huo. Mfumo unaokwenda vizuri katika nyumba mpya unaweza kuwa hasara tupu katika nyumba ya jirani yake.

Wazo lenyewe ni la kale. Warumi walipitisha hewa ya moto chini ya sakafu za mabafu yao, na Wakorea wana ondol, ambapo moshi wa moto ulipita chini ya mawe ya sakafu kabla ya kutoka nje. Bomba la plastiki lisiloshika kutu ndilo lililoueneza mfumo wa sasa wa maji, kuanzia miaka ya 1970. Kinachowafurahisha watu leo ni kwamba maji yake hayahitaji kuchemka. Redieta za zamani zilitaka maji ya nyuzi joto 60 au 70, wakati sakafu nzuri inatosheka na 35 hadi 45. Kiwango hicho kidogo ndicho pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, inakipenda, kwa sababu kadiri maji yasivyohitaji kuwa moto sana ndivyo umeme unavyotumika kidogo.

Lakini sakafu ina ukomo. Kanuni za Ulaya zinataka uso wa sakafu ya sebuleni usizidi nyuzi joto 29, la sivyo miguu inachoka na mbao zinaharibika. Chumba kikiwa kwenye nyuzi 20, sakafu ya nyuzi 29 inatoa takriban wati 100 kwa kila mita ya mraba, haizidi hapo hata ununue boila, mtambo wa kupasha maji, kubwa namna gani. Nyumba mpya iliyozibwa vizuri haihitaji hata nusu ya hizo. Nyumba kuukuu yenye kuta nene zisizo na kihami joto, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoroke, na madirisha ya kioo kimoja inaweza kupoteza zaidi ya hizo usiku wa baridi kali. Hapo umelipa, umevunja sakafu, na bado umevaa sweta mbili.

Nyumba mpya ndiyo mahali pake. Unakuta zege, juu yake bodi za povu gumu la kuhami joto zenye unene wa sentimita 10 au zaidi, kisha mabomba ya milimita 16 yamezungushwa kwa nafasi ya sentimita 15 au 20. Kila mzunguko kwa kawaida hauzidi mita 100, na yote yanarudi kwenye kisanduku kimoja ukutani chenye vali na geji ya kupimia shinikizo la maji. Kabla ya kumwaga tabaka la saruji na mchanga, mabomba yanajazwa maji kwa shinikizo, na geji inaachwa ionekane kazi ikiendelea. Fundi makini humwaga huku jicho moja liko kwenye mshale wa geji. Msumari ukitoboa bomba, mshale unashuka saa ile ile, bomba linazibwa bado liko wazi. Ukigundua baada ya saruji kukauka, unatafuta tindo.

Halafu kuna kusubiri, na hapa watu wetu wanagombana na mafundi. Tabaka la saruji la sentimita 6 au 7 halipaswi kupashwa joto kabla ya siku 21, na ukianza, unaanza na maji ya nyuzi 25 kwa siku 3 kabla ya kupandisha. Mwenye nyumba anataka kuwasha wiki ya kwanza ili ikauke haraka. Mtu huyo huyo akiwa anajenga nyumbani humpigia simu mdogo wake kila asubuhi kumuuliza kama zege limemwagiliwa maji! Sababu ni ile ile: saruji ikikaushwa kwa pupa inapasuka. Sijui kwa nini tukivuka bahari tunasahau.

Nyumba za katikati ya karne iliyopita ndizo zenye mtego. Nyingi zina sakafu ya zege moja kwa moja juu ya ardhi, bila kihami chochote. Zinafanana na zetu, kwa hiyo mtu anaona kazi ni nyepesi: tandaza bomba, mwaga saruji, maliza. Joto halina adabu, linakwenda pia chini na pembeni, na udongo hausemi umetosheka. Ama uvunje zege lote uchimbe na kuweka povu chini, ama utumie paneli nyembamba za milimita 15 hadi 20 zenye mifereji ya bomba, uzilaze juu ya tabaka jembamba la kihami. Hiyo ya pili inainua sakafu. Milango yote inakatwa chini, na kipandio cha kwanza cha ngazi kinakuwa kifupi kuliko vingine, jambo ambalo mguu hauligundui mpaka mtu ajikwae. Maoni yangu: kama huna sababu nyingine ya kuvunja sakafu, acha. Weka redieta kubwa zaidi na utandaze kihami kwenye dari kwanza.

Nyumba za zamani zaidi, zenye sakafu za mbao juu ya boriti, ni habari nyingine kabisa. Ukifunua ubao mmoja unaona giza, vumbi la miaka mingi, na upepo unakupiga usoni. Upepo huo unaingia kwa makusudi kupitia matundu ya hewa kwenye msingi, ili boriti zisioze. Kosa kubwa la mafundi wa haraka ni kuyaziba matundu hayo kwa jina la kuzuia baridi. Njia sahihi ni kujaza kihami katikati ya boriti, kukishikilia kwa wavu au vipande vya mbao, kuweka mabamba ya alumini yenye mfereji, kisha bomba, na kuacha hewa iendelee kupita chini. Na boriti isikatwe hovyo kupitisha bomba, kwa sababu boriti iliyokatwa katikati haibebi tena ilichobeba.

Zile za mawe zilizojengwa kwa chokaa juu ya udongo ndizo zinanitia hofu. Kuta zake zinapumua. Ukitandaza nailoni na saruji sakafuni, unyevu uliokuwa unatoka kidogo kidogo katikati ya chumba unahamia kwenye kuta. Fundi aliyekarabati nyumba ya chokaa ya pwani kwetu anaujua ugomvi wa chokaa na saruji, hahitaji kuja huku kufundishwa. Dawa ipo: kokoto za kioo chenye povu, vipande vyepesi vinavyohami joto, juu yake zege la chokaa lenye mabomba ndani. Ila ni kazi ya polepole na si kila mkandarasi anaijua.

Mikeka ya umeme, ile yenye nyaya za joto, ya milimita chache chini ya marumaru, naiona inafaa bafuni tu. Kuiweka ni rahisi, kuiendesha ndiyo inauma.

Kuna na tabia ya kuutumia mfumo wenyewe. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, tumezoea swichi: ukitoka unazima, ukirudi unawasha kama feni. Sakafu nene ya saruji huchukua saa kadhaa kupata joto. Unawasha saa 12 jioni, unalala umejikunja, inapata moto usiku wa manane. Ishushe nyuzi mbili ukitoka, basi.

Sasa nasikia baadhi ya wenzetu wanataka kuweka mfumo huu katika nyumba wanazojenga nyumbani. Kwa wanaojenga sehemu za joto sina la kuongeza, sakafu ya zege iliyogusa ardhi ndiyo kitu chenye ubaridi kuliko vyote ndani ya nyumba saa 8 mchana. Adui yuko juu, kwenye bati. Mtu anayenunua kiyoyozi cha chumba kilicho chini ya bati tupu, bila dari wala kihami, anafanya kosa lile lile la huyu wa huku anayetandaza bomba juu ya zege lisilo na kihami. Wote wamenunua mashine kabla ya kuitazama nyumba.

Kwa wanaojenga kwenye miinuko, hoja yao ina uzito kidogo, usiku kule unabana kweli. Lakini baridi yenyewe ni ya usiku na alfajiri, na jua likishapanda imekwisha. Sakafu nzito inayowashwa saa 2 usiku itaanza kuwa tamu karibu na mapambazuko, na itaendelea kutoa joto mpaka saa 5 asubuhi, wakati madirisha yote yamefunguliwa. Fedha hiyo ingeziba nafasi chini ya milango, ingeweka dari yenye kihami, na ingegeuza dirisha kubwa la sebule litazame jua la asubuhi.