Majaji wa upande wa pili wa karatasi

Mwaka nilioapa uraia wa Marekani nilipiga kura hapa Brooklyn Park, Minnesota, nikiwa ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku. Upande wa mbele niliumaliza upesi. Kugeuza karatasi nikakuta majaji, safu kwa safu, wengi hawana mpinzani, na kando ya jina pameandikwa kwamba tayari wako kitini. Kalamu ikanigota mkononi. Nampa nani kura, na kwa lipi?

Kwetu Kenya jaji huhojiwa na Tume ya Huduma za Mahakama, nchi nzima ikitazama. Mwaka 2011 Willy Mutunga, akiwania kuwa Jaji Mkuu, aliulizwa hadharani hata kuhusu kipini cha sikioni. Naupenda utaratibu wetu. Jaji wa kura huhitaji pesa za kampeni, na mchangiaji wa leo kesho huenda akawa na kesi. Tena kwetu kura ya jaji ingekuwa kura ya kabila.

Ila Alan Page alinifanya niwaze upya. Alikuwa mchezaji wa safu ya ulinzi wa Minnesota Vikings, timu ya futiboli ya Kimarekani, mchezaji bora wa ligi mwaka 1971, naye akasomea sheria huku bado anacheza. Alipotaka kugombea Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1992, gavana alimwongezea muda jaji aliyekuwapo, uchaguzi ukayeyuka. Page alishtaki. Jopo la majaji wengine likaamua kura ipigwe, akashinda, Mmarekani Mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo. Bila kura, mlango ule ungebaki umefungwa.

Na alijua kutoka. Sheria ya Minnesota inasema jaji astaafu akifika miaka 70; ilipofika 2015 akaondoka na tai yake ya kipepeo. Kwetu mwaka 2016 tulishuhudia majaji wawili wa Mahakama ya Juu wakidai mahakamani wabaki hadi miaka 74 badala ya 70, kwa kuwa waliteuliwa chini ya katiba ya zamani. Kudai ilikuwa haki yao. Mimi niliumia.

Page na mkewe Diane walianzisha mfuko wa karo mwaka 1988, na anayelipiwa sharti asaidie watoto wadogo masomo. Binti wa jirani yangu, Mkisii mwenzangu, ni mmoja wao. Jumamosi hupita mlangoni kwangu na mkoba wa vitabu vya hesabu vya darasa la tatu, akikimbilia basi.