Kuanza uigizaji ukubwani: je, ni kuchelewa?

Katika mji wa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na baadaye kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa), ndoto ya uigizaji haiwashiki vijana peke yao. Wapo pia mwalimu anayekaribia kustaafu na mama ambaye watoto wake wamekwisha kujitegemea, na hao huulizwa kama hawajachelewa.

Wanaowatia moyo wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni uhaba wa wazee wa kweli katika filamu zetu. Mara nyingi kijana hupakwa unga kichwani, akapewa mkongojo na kuambiwa akohoe, naye ndiye babu wa ukoo mzima. Mtazamaji humtambua kabla hajafungua kinywa, kwa kuwa shingo yake ni laini na huinuka mkekani bila kutafuta pa kushika. Mtu aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa mirathi, au kupokea posa ya binti yake, huja na utulivu ambao hakuna mwongozaji awezaye kuufundisha kwa siku chache za kambi.

Hutajwa pia Kathryn Joosten wa Marekani, aliyekuwa muuguzi, akaanza kuigiza akiwa na miaka 42 na kutwaa tuzo ya televisheni ya Emmy mwaka 2005 na 2008. Wanaomtaja, hata hivyo, huiruka miaka ya katikati: alianzia katika maigizo ya jukwaani ya kijamii, akahamia Hollywood mwaka 1995, na tuzo ya kwanza ikamkuta amevuka miaka 60.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Marehemu Amri Athumani, mchekeshaji aliyejulikana kama Mzee Majuto, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948, alipendwa sana uzeeni, lakini aliianza kazi hiyo tangu utotoni. Wepesi tuliouona ulikuwa zao la miaka mingi ya jukwaa. Mafunzo yenyewe yana jasho, maana mwanafunzi wa sanaa za maonyesho Bagamoyo hukutana na ngoma na sarakasi pamoja na uigizaji, na magoti ya miaka 55 hayafanani na ya miaka 20. Nafasi zenyewe ni finyu: mganga, mama mkwe mkorofi, baba mwenye nyumba.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni fedha. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, na mafao yake ya kustaafu ndiyo anayoombwa ayatie katika filamu ili apewe nafasi ya mhusika mkuu. Kijana akipoteza fedha zake ana miaka ya kuzitafuta upya, mstaafu hana.

Kwa hiyo naunga mkono kuanza ukubwani, mradi kaya isitegemee malipo ya uigizaji na mafao yasiguswe. Aanze na kikundi cha jirani, akubali sehemu ndogo, na kabla ya kwenda kurekodi adai mkataba wa maandishi unaosema atalipwa kwa siku au kwa kazi nzima, nani atagharamia nauli na chakula, na atapata nini kazi hiyo ikiuzwa tena kwenye televisheni au mtandaoni.